Nakala Ibebe Programu, Ufunguo Ubaki kwa Mwenyewe

Kunakili diski ya kompyuta moja na kuimwaga kwenye nyingine 20 si kazi ngumu tena. Programu ya Clonezilla haiuzwi, FOG haiuzwi, na fundi mwenye flashi na swichi nzuri ya mtandao anaweza kuimaliza ofisi nzima mwishoni mwa wiki. Ugumu unakuja Jumatatu ya wiki ya pili. Karani wa masijala anaona maandishi hafifu pembeni mwa skrini yakimtaka aamilishe Windows. Ukienda kwa mhasibu unakuta hayo hayo, na kwa mkurugenzi hayo hayo, kwa sababu kompyuta zote 20 zinajitambulisha kwa ufunguo mmoja.

Nakala ya diski haichagui. Inachukua programu ulizozitaka, inachukua nywila za Wi-Fi, jina la kompyuta, na ufunguo wa leseni uliouingiza kwenye kompyuta ya kwanza. Kanuni ninayoishikilia ni kwamba nakala ibebe programu tu, na ufunguo ubaki kuwa mali ya kila kompyuta, au ya mkataba wa ofisi. Ili hilo liwezekane lazima ujue, kabla hujagusa diski yoyote, ufunguo upi ni wa nani. Nazungumzia Windows 10 na 11 kwa kuwa ndizo zilizo kwenye meza nyingi za ofisi zetu.

Anza na daftari

Leseni za Windows huingia ofisini kwa njia tatu.

Ya kwanza ni leseni ya kiwandani, ambayo mafundi huiita OEM. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, watengenezaji wakubwa kama HP, Dell na Lenovo huandika ufunguo wa herufi na tarakimu 25 ndani ya chipu ya ubao mama, kwenye jedwali linaloitwa MSDM. Ndiyo maana zile stika zenye namba ndefu tulizozizoea enzi za Windows 7 zimetoweka ubavuni mwa kompyuta. Leseni hii imefungwa na mashine yake. Huwezi kuihamishia kwenye mashine nyingine, hata kama ya kwanza imeungua.

Ya pili ni ya rejareja, iliyonunuliwa peke yake dukani au mtandaoni. Hii inahamishika, ila kwa kompyuta moja kwa wakati mmoja. Ya tatu ni ya mkataba wa pamoja, ambapo ofisi hupewa ufunguo mmoja wa kuhudumia kompyuta nyingi.

Kujua kama kompyuta ina ufunguo wa kiwandani, fungua PowerShell kwa haki za msimamizi na uandike:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Ikijibu kwa herufi 25, ufunguo upo kwenye ubao mama na utabaki pale hata ukibadilisha diski. Ikirudisha mstari mtupu, hakuna. Miongozo mingi ya zamani inatumia wmic kwa kazi hii, lakini matoleo mapya ya Windows 11 hayaji nayo tena, kwa hiyo zoea njia ya PowerShell.

Kisha andika slmgr /dli. Dirisha litakalofunguka litakuonyesha leseni inayotumika sasa hivi ni ya njia gani: OEM_DM ni ya kiwandani, RETAIL ni ya rejareja, na VOLUME_MAK au VOLUME_KMSCLIENT ni za mkataba. Litakuonyesha pia herufi tano za mwisho za ufunguo. Hizo tano zitazame vizuri. Ukiona 3V66T kwenye Windows Pro, huo si ufunguo ulionunuliwa na mtu. Ni ufunguo wa jumla ambao Windows hujiwekea yenyewe, na kompyuta inatambuliwa kwa leseni ya kidijitali iliyohifadhiwa kwenye seva za Microsoft kufuatana na vifaa vya mashine hiyo. Ukiona T83GX, hiyo ni Pro inayosubiri seva ya KMS ya ofisi, ile inayoamilisha kompyuta za mkataba. Nimeona watu wakinakili funguo hizi mbili kwenye majedwali yao wakidhani wameokoa leseni, kumbe wameandika kitu ambacho Microsoft imekiweka wazi kwa kila mtu.

Sasa andika daftari. Jedwali la kawaida linatosha, kila kompyuta na mstari wake: namba ya usajili wa mashine (utaipata kwa (Get-CimInstance Win32_BIOS).SerialNumber), daraja la Windows, njia ya leseni, herufi tano za mwisho, na namba ya ankara iliyoinunua. Funguo kamili usiziweke kwenye jedwali linalofunguliwa na kila mtu. Zihifadhi mahali penye nywila. Ankara itunze kama unavyotunza hati ya kiwanja. Siku mkaguzi akija, herufi 25 hazimthibitishii kitu. Atataka kuona nani aliuza, nani alinunua, na lini.

Kompyuta zilizotumika

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ofisi nyingi za ukanda wetu hununua kompyuta zilizokwisha kutumika Ulaya au Ghuba, na ndizo zinazowashangaza watu kuliko zote.

Kompyuta iliyotoka kwenye kampuni kubwa ya nje mara nyingi ilikuwa na Windows Enterprise iliyoamilishwa na seva ya KMS ya kampuni ile. Uamilishaji wa KMS hudumu siku 180, na kompyuta hujaribu kuuhuisha kila baada ya siku 7. Ikiwa diski haikufutwa vizuri kabla ya kuuzwa, mashine itafika dukani ikisema imeamilishwa, na itasema kweli. Mnunuzi anaridhika, anatoa pesa. Siku zinaendelea kuhesabika, seva iko bara jingine, na ndani ya miezi sita malalamiko yanaanza. Ofisi moja niliyoisaidia ilinunua 18 kwa mpigo na zikaanza kulalamika ndani ya wiki moja. Walimshukia fundi aliyewawekea nakala wakimlaumu, ingawa hakuwa na kosa; alinakili kile alichokikuta.

Dawa yake ni rahisi na inatia moyo. Kabla ya kulipa, andika slmgr /xpr. Ukijibiwa kwamba uamilishaji una tarehe ya kwisha, uliza maswali. Kisha tumia ile amri ya ubao mama niliyoitaja juu. Mara nyingi chini ya Enterprise ile iliyokodishwa, ufunguo halali wa Windows Pro bado umelala kwenye chipu ulivyowekwa na kiwanda. Sakinisha Pro upya na ufunguo ule utaamka. Katika zile 18, mashine 16 zilikuwa nao. Mbili zilikuwa zimebadilishwa ubao mama huko zilikotoka, na hizo zilinunuliwa leseni mpya.

Jambo la pili la kuangalia ni daraja. Laptopu za bei nafuu za dukani huja na ufunguo wa Windows Home, na Home haiungi kwenye domeini ya ofisi. Ukichukua nakala ya Pro ukaimwaga juu ya mashine yenye ufunguo wa Home, nakala itawaka vizuri tu, lakini ufunguo wa chipu hautaweza kuiamilisha. Nakala haibadilishi daraja la leseni. Mashine za namna hiyo zipe mstari wenye rangi tofauti kwenye daftari, na uombe bajeti ya kuzipandisha kwenda Pro kabla ya kazi kuanza.

Na kwa kuwa msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, huenda unanakili ili kuhamia Windows 11. Leseni ya Windows 10 ya daraja lile lile huikubali Windows 11, mradi mashine yenyewe iwe na chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa inayotambuliwa. Hilo likague mapema, mashine moja moja.

Haki ya kunakili ni kitu kingine

Kuamilishwa hakumaanishi kuruhusiwa. Wengi wetu hilo tumejifunza kwa kuchelewa. Unaweza kuwa na kompyuta 20, kila moja na ufunguo wake halali wa kiwandani, na bado usiwe na ruhusa ya kutengeneza nakala moja na kuisambaza. Masharti ya Microsoft hayaruhusu kutumia diski za OEM wala za rejareja kutengenezea nakala ya kusambaza. Haki hiyo wanayo wateja wa mkataba wa pamoja, nao wanaweza kusakinisha upya kompyuta zenye leseni ya kiwandani kwa kutumia mafaili ya mkataba, ikiwa bidhaa, toleo na lugha ni zile zile.

Kinachosaidia ofisi ndogo ni kwamba huhitaji leseni ya mkataba kwa kila kompyuta ambayo tayari ina Pro yake. Leseni moja inakufungulia mlango wa mafaili hayo na haki hiyo ya kunakili. Muulize muuzaji aliyeidhinishwa, na mwambie wazi kwamba unataka haki ya kusakinisha upya kwa nakala. Programu za kompyuta zinalindwa na sheria za hakimiliki hapa kwetu pia, Tanzania kwa sheria ya mwaka 1999 na Kenya kwa sheria ya mwaka 2001. Ofisi inayoomba zabuni za serikali au fedha za wafadhili haina sababu ya kujiweka rehani kwa gharama ya leseni moja.

Kuandaa kompyuta mama

Kompyuta mama ni ile unayoiandaa kwanza, ambayo nyingine zote zitafanana nayo. Sakinisha Windows upya kutoka mafaili safi. Usianzie kwenye kompyuta ya mtu iliyokwisha kutumika. Usakinishaji ukifika skrini ya kuuliza nchi na kibodi, bonyeza Ctrl, Shift na F3 kwa pamoja. Windows itaingia kwenye hali ya ukaguzi bila kukutaka ufungue akaunti. Humo weka programu za ofisi, printa, fonti na masasisho.

Kuna mambo matatu usiyafanye ukiwa humo. Usiingize ufunguo wowote ulionunuliwa. Acha ule wa jumla. Usifungue Word wala Excel na kuingia kwa akaunti ya mtu, kwa sababu Office nayo ina leseni yake na itanakiliwa vile vile. Na usiliache duka la Microsoft likajisasishia programu zake mtandaoni. Hili la tatu linaonekana dogo, lakini ndilo linalokwamisha kazi mara nyingi kuliko yote: programu ya duka iliyosasishwa kwa mtumiaji mmoja tu huifanya Sysprep, programu ya Windows ya kuandaa nakala, igome. Ikigoma, soma faili la setupact.log ndani ya C:\Windows\System32\Sysprep\Panther. Utakuta jina la programu iliyoleta ubishi. Iondoe kwa Remove-AppxPackage, ujaribu tena. Hakikisha pia BitLocker, kinga inayofunga diski, imezimwa na diski imemaliza kufunguka, kwa kuwa Windows 11 mpya huweza kuiwasha bila kukuuliza.

Kisha amri inayobeba uzito wa kazi nzima:

C:\Windows\System32\Sysprep\sysprep.exe /generalize /oobe /shutdown

Neno /generalize ndilo linaloiondolea kompyuta utambulisho wake: namba ya usalama inayoitwa SID, hali ya uamilishaji, na namba ambayo seva ya KMS huitumia kuhesabu. Kompyuta itajizima. Usiiwashe tena kwa diski yake, maana ikiwaka tu inaanza kujitengenezea utambulisho mpya. Iwashe kwa flashi ya Clonezilla au kupitia FOG, chukua nakala, uihifadhi mahali pawili.

Mafundi wengi huiruka Sysprep, na nawaelewa. Mwaka 2009 Mark Russinovich wa Microsoft aliandika kwamba SID inayofanana kwenye kompyuta mbili haileti madhara yaliyokuwa yakihofiwa, na programu yake ya NewSID, iliyokuwa ikitumika kuibadilisha, ikaondolewa. Hata wakati huo Microsoft iliendelea kusema haihudumii nakala zisizopitia Sysprep, lakini watu walibaki na sehemu ya kwanza ya habari. Sasa mambo yamegeuka. Masasisho ya Windows 11 24H2 na 25H2 yaliyotolewa kuanzia tarehe 29 Agosti 2025 yanakagua SID wakati kompyuta mbili zinapotambuana. Zikiwa na SID moja zinakataliana, folda za pamoja hazifunguki, na kuingia kwa mbali kunagoma ingawa nywila ni sahihi. Ofisi iliyonakiliwa miaka mitatu iliyopita bila Sysprep inaweza kuamka leo na kuukuta mtandao wake umekatika vipande.

Kurudisha funguo kwa wenyewe

Nakala ikishamwagwa kwenye kompyuta yenye ufunguo wa Pro kwenye chipu, mara nyingi Windows huusoma yenyewe na kujiamilisha ikipata intaneti. Ila ikiwa umetumia mafaili ya mkataba, itabaki inatafuta seva ya KMS isiyokuwepo, nawe utaona kosa 0x8007232B. Usihangaike. Weka mistari hii kwenye flashi na uiendeshe kwa haki za msimamizi kwenye kila mashine:

$k = (Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey
if ($k) { cscript //nologo C:\Windows\System32\slmgr.vbs /ipk $k; cscript //nologo C:\Windows\System32\slmgr.vbs /ato }

Mashine inasoma ufunguo wake, inauingiza, inajiamilisha. Hakuna aliyeandika herufi 25 kwa mkono, na hakuna ufunguo uliohama. Wengine hupenda kuiweka amri hii kwenye faili la SetupComplete.cmd ili ijiendeshe. Fahamu kwamba Windows hulipuuza faili hilo inapotumia ufunguo wa OEM, isipokuwa kwenye Enterprise na seva. Kwa kompyuta 20, kuzunguka na flashi kunatosha, na kunakupa nafasi ya kutia alama kwenye daftari.

Kama ofisi ina ufunguo wa mkataba wa aina ya MAK, kumbuka kwamba ufunguo huo una hesabu. Kila uamilishaji unapunguza moja, na kusakinisha upya mashine ile ile kunaweza kupunguza nyingine. Ukiona kosa 0xC004C020, hesabu imekwisha. Wapigie Microsoft ukiwa na namba ya mkataba, wanaweza kuiongeza. Ufunguo wa MAK usiuache ndani ya nakala wala ndani ya faili la amri lililobaki kwenye diski. Mtu yeyote mwenye laptopu ya ofisi anaweza kulifungua na kuusoma. Uingize baada ya kumwaga nakala, ufute faili, uondoke.

KMS inafaa ofisi kubwa, kwani seva yake haianzi kuamilisha Windows za kawaida mpaka ihesabu kompyuta 25. Hapa ndipo kuiruka Sysprep kunapomuumbua mtu waziwazi. Seva huhesabu kwa namba ya utambulisho ya kila kompyuta, inayoitwa CMID. Kompyuta 30 zilizonakiliwa bila /generalize zina CMID moja, kwa hiyo seva inaona kompyuta moja iliyobisha hodi mara 30. Hesabu inabaki 1, na kila mashine inapewa kosa 0xC004F038. Linganisha CMID za mashine mbili kwa slmgr /dlv. Zikifanana, endesha slmgr /rearm kwenye kila moja na uiwashe upya. Zitapata namba mpya na hesabu itapanda. Hilo linatibu hesabu tu. SID bado ni ile ile, na tiba yake ni kurudi kwenye nakala iliyoandaliwa sawasawa.

Ukiwa kwenye slmgr /dlv, tazama pia jina la seva ya KMS. Likiwa 127.0.0.1, au anwani ya nje usiyoijua, kuna mtu amepita na programu ya kuvunja leseni. Programu hizo huomba uzime kinga ya virusi kabla hazijafanya kazi, na ukishaizima huna tena njia ya kujua kingine kilichoingia pamoja nazo. Kompyuta ya namna hiyo isiwe kompyuta mama kwa hali yoyote, maana utakuwa umesambaza maradhi kwa ofisi nzima kwa mkono wako. Funguo za bei ya chini mno zinazouzwa mtandaoni nazo uziepuke. Nyingi ni MAK zilizochomolewa kwenye mikataba ya kampuni za watu, na siku Microsoft ikizifunga hutakuwa na wa kumrudia.

Baada ya kazi

Rudi baada ya wiki mbili uendeshe slmgr /xpr kwenye mashine tano au sita. Za kiwandani, rejareja na MAK zinapaswa kusema zimeamilishwa moja kwa moja. Yoyote inayotaja tarehe ya kwisha, wakati ofisi haina KMS, ina nakala isiyo sahihi.

Kompyuta ikipelekwa kiwandani na kurudi na ubao mama mpya, endesha tena ile amri ya ufunguo kabla ya kusaini kuipokea. Fundi wa mtengenezaji anaweza kuuandika ufunguo kwenye ubao mpya, lakini akisahau, wewe ndiye utakayeligundua miezi mitatu baadaye wakati dhamana imekwisha. Na ofisi ikiuza mashine iliyochakaa, leseni ya kiwandani huenda na mashine hiyo. Kama iliamilishwa kwa ufunguo wa rejareja, uutoe kwanza kwa slmgr /upk, kisha slmgr /cpky ili usibaki kwenye rejista ya Windows, ndipo uufute mfumo wote. Mstari wa mashine hiyo kwenye daftari usiufute. Andika tarehe iliyouzwa na aliyeinunua, na ufunguo wa rejareja uusogeze kwenye mstari wa mashine itakayoupokea.